Acha kwanza hizo nyaya za spika!

Mkuu, simama hapo hapo, weka mkasi chini. Umeandika kwamba amplifaya yako ya nyumbani haina tundu la hedifoni, kwa hiyo unataka kukata kebo ya pini ndogo, uchune nyaya zake, uzibane kule nyuma zinakobanwa nyaya za spika, halafu sauti iingie kwenye kisanduku chako cha hedifoni cha betri, kile kikuzio kidogo cha kusukuma hedifoni. Ukauliza pia kama utumie betri za kuchaji. Na tayari hapo juu kuna waliokujibu "jaribu tu, ila punguza volyumu". Usiwasikilize. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikafanya hivyo hivyo, na nilizika amplifaya nzima.

Anza na volti. Kisanduku cha hedifoni kimetengenezwa kipokee sauti ndogo. Deki ya CD hutoa kama volti 2 muziki unapofika juu kabisa, na simu nyingi hutoa chini ya hapo. Sasa njoo kwenye spika: spika ya ohmu 8 ikipewa wati 1 tu, kwenye nyaya zake kuna volti 2.83. Yaani wati 1 tayari imeipita deki ya CD! Ikipewa wati 50 ni volti 20. Kisanduku chenye betri moja ya volti 9 kwa kawaida huigawa hiyo betri katikati, volti 4.5 juu na 4.5 chini, na hiyo ndiyo nafasi yote ambayo sauti inayo. Ukikisukumia volti 20, aisii ya mlangoni, yaani chipu inayopokea sauti, ndiyo inayobeba mzigo wote. "Punguza volyumu" itakulinda mpaka siku mtu mwingine nyumbani atakapozungusha kile kitufe bila kujua umechomeka nini.

Lakini hilo bado ni dogo. Kilichoniunguzia mimi ni waya mweusi.

Tazama pini ya hedifoni. Ncha ni kushoto, pete ni kulia, na shina ni la pande zote mbili. Maana yake ukibana kebo yako nyuma ya amplifaya, weusi wa kushoto na weusi wa kulia wanakutana kwenye lile shina. Kwenye amplifaya nyingi za zamani hakuna tabu, kwa kuwa weusi hao wameshaungana ndani kwenye bodi. Kwenye nyingi za siku hizi, hasa zile ndogo za klasi D, kila spika inasukumwa kutoka pande zote mbili: mwekundu akipanda mweusi anashuka, mweusi akipanda mwekundu anashuka. Weusi hapo si ethi, yaani upande wa sifuri wa umeme, hata kidogo; wana moto, yaani umeme, kama wekundu. Amplifaya ya aina hiyo inayotumia umeme wa volti 24 ikiwashwa, hata kabla muziki haujaanza, kila waya wa spika umekaa kwenye volti kama 12 ukiupima na ethi ya mashine. Spika haihisi kitu kwa sababu 12 kwa 12 hakuna tofauti. Ila ukiwakutanisha weusi wawili, umezigonganisha transista za kushoto na za kulia, na kila upande unasukuma muziki wake. Na kama kisanduku chako kimeungwa pia na kifaa kingine ambacho ethi yake ni moja na ya amplifaya, basi zile volti 12 umezipeleka chini moja kwa moja. Hiyo ni shoti kamili.

Yangu ilikufa hata sijamaliza kuvaa hedifoni. Harufu, kisha kimya. Boksi lake lilikuwa limeandikwa kwamba ina kinga ya shoti, na ni kweli aisii nyingi za aina hii huwa nayo, lakini kinga hiyo haikuniokolea chochote.

Aliyeniuzia kebo ndiye aliyeniapia kuwa "nyeusi ni nyeusi tu, zote ethi". Alinionyesha kwa kidole pa kubana. Nilipomrudia na amplifaya iliyokufa akasema nimeunga vibaya! Hasira hiyo haijaisha mpaka leo, kwa sababu mtu anayeuza nyaya kila siku ana wajibu wa kujua kwamba weusi wa amplifaya moja si weusi wa nyingine. Na asije mtu hapa akasema ningesoma kitabu cha maelekezo. Kitabu chenyewe kilikuwa ukurasa mmoja wenye picha ya rimoti.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote utayajua mbele ya safari: sauti ya kisanduku cha hedifoni inachukuliwa KABLA haijafika kwenye nguvu za spika. Geuza amplifaya yako, tafuta matundu ya RCA, mekundu na meupe, palipoandikwa REC OUT, TAPE OUT au PRE OUT. Hapo sauti bado ni ndogo, na maganda ya nje ya matundu yote mawili ndiyo ethi yenyewe. Kebo ya RCA kwenda pini ndogo inatosha, hakuna kukata wala kuchuna. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida REC OUT na TAPE OUT hazifuati kitufe cha volyumu cha amplifaya, sauti inatoka vile vile muda wote, kwa hiyo kisanduku kianze sifuri ndipo upandishe taratibu.

Kama hakuna hata tundu moja la kutoa, chukua sauti kwenye chanzo chenyewe, iwe deki au televisheni, kwa kebo yenye miguu miwili: mguu mmoja uende kwenye amplifaya, mwingine kwenye kisanduku. Tundu moja la kutoa kulisha mawili ya kupokea ni sawa. Mawili ya kutoa kuingia moja la kupokea, usithubutu. Na kama chanzo ni santuri, sauti yake ni ya milivolti chache tu, lazima ipite kwanza kwenye kikuzio chake.

Unataka kuijua amplifaya yako ni ya aina gani? Izime, ichomoe ukutani, chomoa na spika, chukua mita, weka kwenye ohmu. Gusa weusi wa kushoto na weusi wa kulia, kisha weusi na ganda la RCA. Ikisoma karibu na sifuri kote, wameungana. Ikisoma kitu kingine chochote, wachukulie hao weusi kuwa wana moto. Ila hata ikisoma sifuri usibane kebo pale, zile volti 20 bado ziko palepale.

Betri: ya kawaida ya alkalaini ya volti 9 ina kama mAh 500 (kipimo cha umeme inaobeba), ya kuchaji ya nikeli ina kama 200, basi utachaji mara kwa mara na ndivyo ilivyo. Usiichaji alkalaini hata kama kisanduku kina tundu la chaja, inaweza kuvuja au kupasuka. Na usisikilize huku unachaji, maana raha yote ya betri ni kwamba kisanduku hakijaungwa na ukuta. Ukichomeka chaja ya USB kwenye kompyuta ambayo nayo imeungwa na amplifaya, unafunga duara la ethi na mngurumo unaanza. Tena kwenye visanduku vinavyogawa betri katikati, shina la hedifoni si hasi ya betri, ni lile katikati. Ukikilisha kwa adapta ambayo hasi yake ndiyo ethi ya kifaa kingine ulichokiunga, umeipiga shoti nusu ya umeme wake. Mweusi yule yule, mkuu, anakusubiri mlango wa pili.

Piga picha mgongo wa hiyo amplifaya, maandishi yote yasomeke, uiweke hapa kabla hujachomeka chochote. Nitakuonyesha tundu.