Nyota nyeupe mtaroni: ni nyasi au ua?

SWALI: Nikiwa Florida niliona kwenye mtaro wa barabara mmea mwembamba kama nyasi, juu una nyota nyeupe yenye ncha za kijani. Mwenzangu anasema ni nyasi tu, mimi nasema ni ua. Nani yuko sahihi, na unapatikana wapi kwingine?

JIBU: Hakuna aliyepata, ingawa wewe umekaribia. Huo ni wa jamaa ya ndago. Ukiukuta tena, lisokote shina kati ya vidole viwili: utahisi pembe tatu, ilhali shina la nyasi huwa la mviringo na lina vifundo.

Nyota uliyoiona si petali. Ni majani yaliyogeuka meupe sehemu ya chini, yaani brakti, kama zile zinazoipa bogenvilia rangi. Maua yenyewe ni yale masuke madogo yaliyojikusanya katikati, ambayo wapita njia wengi hawayatazami. Ndago nyingi huachia upepo kazi ya kubeba chavua, ndiyo maana hazijipambi. Huyu amejipamba, na wadudu humjia kuchukua chavua.

Kwa maelezo yako ni Rhynchospora colorata. Hufika kama sentimita 30 hadi 60, na huota kuanzia Virginia kushuka pwani hadi Florida, kisha magharibi hadi Texas, tena Meksiko na visiwa vya Karibi. Mtafute penye maji yasiyo na kina na jua la kutosha: mitaro, mabonde kati ya vilima vya mchanga ufukweni, kingo za vinamasi. Udongo wenye chokaa haumsumbui.

Ila hesabu brakti kabla hujaandika jina. Yeye kwa kawaida ana 3 hadi 7. Ukikuta nyingi zaidi, pana na nyeupe kwa urefu zaidi, huenda umempata ndugu yake, Rhynchospora latifolia. Huyo hupenda udongo wenye asidi, kwenye mbuga chepechepe za misonobari ambako moto hupita mara kwa mara. Moto ukizuiwa vichaka humfunika, jua likakosekana, naye akatoweka.

Ukitaka kumpanda kando ya bwawa, nunua miche kitaluni, usimng'oe porini. Na mpe chombo chenye kingo: mashina yake hutambaa chini ya udongo, na hana habari na mipaka ya bustani yako.