Kwa Salim, kuhusu Guangzhou

Mwanangu Salim,

Salamu zako zimefika, na Zuhura naye alinipigia jana, kwa hiyo habari nimezipata pande zote mbili. Hongera sana, Mwenyezi Mungu aijaalie iwe kazi ya heri. Umeniuliza mambo mawili: kodi ya nyumba Guangzhou ni kiasi gani, na je, uende na mkeo Zuhura na mtoto kwa miaka hiyo miwili ya mkataba au utangulie peke yako. La kodi muulize mtu aliye kule sasa. Bei ninazozijua mimi ni za enzi nafuata mikoba, wewe uko sekondari na baba yako, Mungu amrehemu, amekaa dukani Kariakoo anasubiri kontena. La pili nitalijibu, ila nivumilie, maana siwezi kulijibu kabla sijakueleza watu wa kule wanaishi vipi.

Ninyi China mliijua kwa maboksi. Hata mimi safari za mwanzo niliijua hivyo hivyo: uwanja wa ndege wa Baiyun, hoteli, soko la mikoba la Sanyuanli, kiwandani, wakala wa mizigo, basi. Mtu anaweza kufuata mzigo maisha yake yote asijue Mchina anakula nini asubuhi. Niliishi kule mara moja tu, ule mwaka ambao mwenye kiwanda alikula malipo ya awali na mzigo hautoki. Hoteli ilinishinda, nikapanga chumba kwenye jengo la zamani nyuma ya barabara ya Xiaobei, ghorofa ya tano, hakuna lifti. Nikaenda kujiandikisha polisi, maana ukikaa nje ya hoteli unatakiwa uripoti ndani ya saa 24, na wewe usije ukapuuza hilo. Halafu nikaanza kungoja. Hapo ndipo nilipolishika lile neno langu ambalo wewe na ndugu yako Mwanaidi mmelichoka: mtu hahamii nchi, mtu anahamia kwa majirani.

Jengo lile lilikuwa la wazee. Chini ya milango mingi kulikuwa na kibanda kidogo chekundu, kimo cha kiganja, kina vijiti vya udi na pengine chungwa moja, na asubuhi ngazi zote zilinukia udi. Nguo zilianikwa nje ya madirisha kwenye miti mirefu ya mianzi, ukipita chini unadondokewa na maji. Alfajiri wazee walishuka polepole, wengine wameshika matundu ya ndege yaliyofunikwa kitambaa, wakienda kwenye bustani ya Yuexiu kunyoosha viungo. Wakitoka huko ni nyumba ya chai. Salim, watu wa Guangzhou chai ya asubuhi hawainywi haraka. Wanakaa meza ya duara, babu na gazeti lake, bibi na mjukuu. Kwanza wanasuuza vikombe na vijiti kwa chai ya moto na kuimwaga kwenye bakuli, ndipo wanaanza kuagiza vile vichakula vya mvuke, kimoja kimoja, kwenye vikapu vya mianzi. Ukimmiminia mwenzako chai, hasemi kitu, anagonga meza kwa ncha za vidole viwili, tap tap, na hiyo ndiyo ahsante. Mimi nilikuwa sili pale kwa sababu ya nguruwe, lakini nilikuwa naagiza chai, nakaa. Wiki ya kwanza walinitazama. Baadaye mhudumu akawa ananiletea birika bila kuniuliza.

Chakula changu kilikuwa kwenye duka la tambi la Waislamu wa jimbo la Qinghai, wale wavaa kofia nyeupe, wanaovuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi. Usiogope njaa, maduka hayo yako kila mtaa. Na Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya maua ya Lanpu, palipo na kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Ukitoka kwenye swala hapo nje utakuta mikate ya tanuri, mishikaki ya kondoo na Waislamu wa kila rangi. Huko hujisikii mgeni hata kidogo.

Lakini Ijumaa ni siku moja. Ninachotaka uelewe ni hizo sita zilizobaki.

Mchana baada ya kula, soko linalala. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Pale Sanyuanli, kwenye majengo ya mikoba, muda mfupi uliopita unabishana bei na binti, yeye anabonyeza kalkuleta anakuonyesha, wewe unafuta unabonyeza yako. Ukirudi saa saba kasoro amelaza kichwa juu ya kaunta, kalkuleta bado iko mkononi, na jirani yake ametandika kitanda cha kukunja katikati ya marundo ya mikoba. Taa wamezima nusu. Hakuna anayewaamsha, hata wateja. Kwetu mtu akilala dukani anaitwa mvivu, na wale ndio wachapakazi niliowaona kuliko wote. Jioni akina mama wa makamo wanajipanga uwanjani na spika, wanacheza kwa safu mpaka saa tatu usiku. Utawasikia utake usitake.

Mji ule mwezi wa tatu unatoa jasho, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Upepo wenye unyevu unatoka kusini, baharini, unakutana na kuta zilizopoa kwa baridi ya msimu uliopita, basi kuta zinalia maji. Vigae vinateleza, shuka zinakuwa mbichi, kioo hukioni. Mimi nikafungua madirisha yote, kwani kwetu chumba kikiwa na unyevu si unakipa hewa? Mlango ukagongwa. Bibi wa chumba cha pili, mfupi, nywele nyeupe, hakuniambia neno. Akaingia na ndara zake, akafunga dirisha la kwanza, la pili, mpaka la jikoni, akanipangusia ukuta kwa kiganja akanionyesha maji, akanyoosha kidole nje. Maji yanatoka huko nje. Akaenda zake. Mandarini, Kichina cha taifa, alikuwa haijui, ni Kikantoni cha wenyeji tu, na mimi Kichina changu kilikuwa cha sokoni: bei gani, ghali, punguza. Lakini kesho yake chumba kilikuwa kimekauka kidogo.

Majira hayo hayo, miti ya maua mekundu inachanua mitaani ikiwa haina jani hata moja. Ni jamii ya msufi wetu, ila ua lake ni kubwa kama kikombe cha kahawa, zito, likidondoka unalisikia. Ndilo ua la mji wa Guangzhou. Bibi yule alikuwa akiyaokota asubuhi pamoja na wenzake, anayaanika kwenye uzio wa chuma mpaka yanageuka kahawia. Wanaamini yanatoa unyevu mwilini. Siku moja jioni akagonga tena, ameshika sufuria kwa vitambaa viwili. Supu. Nikafunua: maua yale yanaelea, na chini yake mbavu za nguruwe.

Nikafunika. Nikatikisa kichwa, nikasema ahsante, nikatikisa kichwa tena. Sikuwa na neno la kumweleza. Alisimama pale mlangoni, mvuke unampanda usoni, akaitazama sufuria kana kwamba kasoro iko ndani yake, akageuka. Mlango wake ukafungwa taratibu, na siku zile zote zilizofuata tukipishana kwenye ngazi aliinamisha macho.

Baba yako nilipomsimulia alisema ningepokea, nikashukuru, nikamwaga usiku. Nilimkatalia, na mpaka leo namkatalia. Kumwaga chakula cha mtu aliyekipandisha moto kwa ajili yako ni kumtukana, hata kama haoni. Lakini kumwacha asimame mlangoni na sufuria yake, hiyo nayo si heshima. Nimelizungusha jambo hili miaka yote na uso ule bado nauona.

Nikaenda kwa kijana wa tambi, nikamweleza kwa mikono na kwa Kiingereza chake kidogo. Akararua karatasi ya kuandikia oda, akaandika mistari miwili, akanichorea na kofia pembeni. Nikaisukuma chini ya mlango wa bibi. Kimya. Siku ya pili yake alikuja na jagi la kioo. Kioo, Salim, ili nione kilichomo! Ilikuwa chai ya maua matano wanayoinywa kule wakati wa unyevu. Ua la msufi limo, kuna na vijiua vingine vyeupe na vya njano, na sukari ya mawe. Akamimina kwenye kikombe chake, akanywa yeye kwanza, akanimiminia mimi. Nikagonga meza kwa vidole viwili. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa usije ukadhani mama yako anakupambia. Kwenye treni ya chini nilikaa pembeni ya kijana mmoja, akainuka. Nikajiambia anashuka kituo kinachofuata. Hakushuka, alisimama mlangoni vituo vinne huku kiti kiko wazi. Nilijitetea kwa niaba yake: labda alikuwa amechoka kukaa, labda ana haya na wanawake wageni. Labda. Lakini wewe mwenyewe utajua siku likikukuta, na litakukuta. Watu watagusa nywele za mtoto bila ruhusa, watampiga picha. Wengi ni kwa kupendezwa, maana mtoto kule ni wa wote, hata wa Kichina wanamshika shavu. Mtoto hajui tofauti, ila mama yake anaijua.

Halafu ikaja Aprili 2020, wakati wa korona. Ulinikuta sebuleni na simu, unakumbuka, ukaniambia mama zima hiyo ulale. Waafrika wa Guangzhou wametolewa kwenye nyumba walizozilipia, hoteli zimewakataa, watu wamelala barabarani na mabegi yao, mpaka mabalozi wa Afrika wakaiandikia serikali ya China barua ya malalamiko. Mitaa naitambua. Usiku ule sikuwa nawaza serikali. Nilikuwa nawaza bibi wa chumba cha pili: ningekuwa bado pale, angenifungulia? Kuna saa nasema angefungua, tena angekuja na jagi. Kuna saa nasema alikuwa mtu mzima, anaishi peke yake, amejaa hofu ya korona kama wote, angefanya nini? Jibu sina. Lakini bado nasema, mtu hahamii nchi, anahamia kwa majirani, na hata hofu ile ilipita mlango kwa mlango.

Kwa hiyo, Zuhura. Wewe utakuwa kazini na wenzako, mna lugha yenu ya kazi, mnakula pamoja. Atakayeishi Guangzhou hasa ni yeye. Ataishi na ngazi, na soko la samaki hai kwenye mabeseni, na mama wa chini anayekata mboga kwa panga pana, na unyevu wa mwezi wa tatu. Umenitajia hesabu ya mshahara wako na wake wa ualimu, na hesabu ni sahihi, nimeipitia. Lakini kwenye hesabu yako sijaona mtu atakayemgongea mlango.

Ungeniuliza kama mimi ningekwenda na ninyi miaka ile, ningekuambia nini? Mlibaki Tanga kwa bibi yenu, mkasoma vizuri, hamkukosa kitu. Mwanaidi tu ndiye alikuwa hataki kuja kwenye simu nikipiga; nasikia bibi yenu anambembeleza, naye anasema mwambie nimelala. Hilo sitaki liingie kwenye uamuzi wenu. Nimeshaliandika, basi, lisome upite.

Sitakuamulia. Nyumba ni yenu, na Zuhura ana akili zake, tena nyingi. Nimezuia ulimi wangu kwenye simu jana na nitauzuia tena. Ila kaeni wawili muulizane, asikujibu mbele ya mtoto wala mbele yangu.

Na mkiamua lolote: WhatsApp kule haifunguki hivi hivi, weka WeChat mapema na uniwekee na mimi. Nyumba usichukue kwenye yale majengo mapya ya vioo ambayo kila mtu anashuka na lifti hadi kwenye gari. Tafuta jengo lenye wazee, hata ghorofa ya tano, Zuhura bado ana magoti. Januari ndani ya nyumba kuna baridi kuliko nje, hawana vya kupasha joto kama kaskazini, na sakafu ni vigae. Nipimie mguu wa mtoto kwenye karatasi umpe Mwanaidi Jumapili akija, nianze kumfumia soksi.

Mama yako