Austin 1100 imelala upande wa kushoto

SWALI: Shikamoo fundi. Baba mdogo ameniachia Austin 1100 ya mwaka 1966. Tangu baridi iishe gari limelala upande wa kushoto, mbele na nyuma, lakini kulia liko sawa. Fundi wa mtaani kwetu anataka kunifungia springi za koili pande zote. Nimkubalie?
Msomaji, Birmingham

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimkubalie. Gari hilo halikuundwa na springi za koili wala shokapu, na ukilifunga hivyo utakuwa umeling'oa kile kilicho bora kuliko vyote ndani yake.

Kila tairi la gari lako limebebwa na kopo la chuma lenye springi ya mpira, na ndani yake mna maji yaliyochanganywa na spiriti ili yasigande. Kopo la mbele kushoto limeungwa kwa paipu na la nyuma kushoto. Kulia vivyo hivyo. Tairi la mbele likipanda tuta, maji hukimbilia nyuma na kuinua upande huo, kwa hiyo bodi inapita imenyooka badala ya kuinamainama. Mfumo huo ulibuniwa na Alex Moulton, mtaalamu hasa wa springi za mpira, na Alec Issigonis, huyohuyo aliyebuni gari dogo la Mini, akautumia kwenye Morris 1100, pacha wa Austin yako, iliyotoka mwaka 1962. Mimi nimeendesha magari ya bei kubwa mara nyingi kuliko hilo yasiyopita kwenye mashimo kwa utulivu ule.

Sasa, tairi mbili za upande mmoja kushuka pamoja maana yake ni moja: upande huo unavuja. Hapo springi haina kosa. Ingia chini, futa paipu ndefu inayopita sakafuni hadi ikauke, kisha kagua hozi za mpira na maungio yake. Paipu ya chuma iliyoliwa na kutu ndiyo ningeishuku kwanza, maana barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ikishabadilishwa, upande huo utajazwa kwa pampu maalumu kupitia vali yake. Watafute wenye Mini za zamani. Nyingi za kati ya 1964 na 1969 zina mfumo huohuo, na pampu wanayo.

Ukiwa bado chini, chukua bisibisi uigonge fremu ndogo ya nyuma inayoshika mikono ya tairi. Magari haya huoza hapo kuliko popote. Bisibisi ikizama, usilitoe gari barabarani hata kama maji yamejazwa vizuri, mpaka fremu ibadilishwe. Hili nakusihi sana.

Na oili: weka ya injini, 20W-50, kamwe si ya giaboksi. Gia zimo ndani ya sampu, yaani karai la oili, chini ya injini iliyokingamishwa, na zinatumia oili ileile. Hiyo oili inachoka mapema. Mimi nisingeiacha ipite maili 3,000.