Je, aya za Kurani zaweza kuthibitisha Uungu wa Yesu?

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Kikundi chetu cha vijana hapa Tanga hushiriki mihadhara ya wazi pamoja na ndugu zetu Waislamu. Wenzangu husimama na Kurani mkononi, wakasoma katika Sura 4:171 kwamba Isa ni neno la Mungu na roho itokayo kwake, kisha wakatangaza kuwa Kurani yenyewe imekiri Uungu wa Yesu. Upande wa pili hujibu kwa Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi." Nilipoonyesha wasiwasi, niliambiwa kwamba hata Paulo kule Athene alinukuu washairi wa wapagani. Je, njia hii ni halali? Na aya hiyo ya Yohana ijibiweje?

JIBU: Asifiwe milele. Kabla hatujafika kwa Paulo, ifungue aya hiyo ya 171 uisome yote. Inaanza kwa kuwaonya Watu wa Kitabu (yaani Wayahudi na Wakristo) wasipite kiasi katika dini yao, inamtaja Isa mwana wa Mariamu kuwa ni mtume, ndipo yanakuja maneno wanayoyapenda wenzako. Na mara baada yake inakataza kusema "watatu" na kutamka kwamba Mwenyezi Mungu ametukuka, hana mwana. Kwa hiyo maneno yanayonyofolewa hapo yamezungukwa, mbele na nyuma, na makanusho ya jambo lile lile wanalotaka kulithibitisha. Muislamu aliyelelewa madrasani msomaji anapokatiza katikati humalizia mwenyewe kimoyomoyo, na kuanzia hapo sioni kwa nini aendelee kukiamini kipaza sauti chenu.

Tabia hii ni ya zamani kuliko mihadhara yetu. Mwezi Julai mwaka 1263, mbele ya Mfalme James wa Kwanza wa Aragon, mtawa Mdominiko aitwaye Pablo Christiani, ambaye alikuwa Myahudi kabla ya kubatizwa, alijaribu kuthibitisha mjini Barcelona kwamba Masihi amekwisha kuja, na hoja zake akazichota katika Talmudi, kitabu cha marabi wenyewe. Aliyemjibu ni Rabi Moses ben Nahman, na katika masimulizi aliyoyaandika baadaye anaeleza jinsi alivyouliza swali ambalo kwa maoni yangu halijapata jibu hadi leo: ikiwa wenye hekima wa Talmudi waliamini kwamba Yesu ndiye Masihi, imekuwaje wakaishi na kufa wakiwa Wayahudi, na kuwafundisha watoto wao dini hiyo hiyo? Badilisha majina, na swali hilo ni la wenzako. Kama Kurani inafundisha Uungu wa Yesu, wafasiri wake wa karne zote hizi, walioikariri kwa Kiarabu chake, wameshindwaje kuona kile anachokiona kijana aliyeifungua jana katika tafsiri ya Kiswahili?

Kuhusu Paulo, mstari ni Matendo 17:28, ambapo anamnukuu mshairi aliyesema kwamba sisi sote tu wazao wa Mungu. Angalia lakini anachofanya nao. Hasemi kwamba mshairi yule alikuwa Mkristo bila kujijua; anautumia kuwaonyesha Waathene kwamba, kwa maneno wanayoyakubali wao, haifai kuudhania Uungu kuwa mfano wa dhahabu au fedha au jiwe, na hapo ndipo mshairi anapoachwa. Anapofika kwenye ufufuo, Paulo anausema kwa ushuhuda wake mwenyewe, hata kama wengine watamdhihaki, na kweli walimdhihaki. Basi ni halali kumwambia Muislamu kwamba Kurani inamheshimu Isa na mama yake, na kuanzia mazungumzo hapo. Kumfanya Mtume wake ashuhudie imani aliyoikanusha si halali. (Wanaopenda kutaja 1 Petro 3:15, "mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu," nao mara nyingi husahau kwamba mstari unaendelea: "kwa upole na kwa hofu.")

Sasa Yohana 14:28. Kurusha Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja," kama kombora la kujibu kombora hakutoshi, maana hadhira itabaki na mistari miwili inayogongana na kila upande utashangilia wa kwake. Mwambie mwenzako kwamba aya aliyoisoma Wakristo walibishana juu yake wao kwa wao kabla Uislamu haujakuwapo: wafuasi wa Arius, kasisi aliyefundisha kwamba Mwana si sawa na Baba bali aliumbwa, waliitumia katika karne ya 4, zama za mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325 na miaka iliyofuata. Gregory wa Nazianzus, askofu wa karne hiyo hiyo, alieleza kwamba Baba ni mkuu kwa kuwa ndiye asili ya Mwana, ilhali kwa tabia ya Uungu wako sawa. Augustino akayaelekeza maneno hayo kwenye ubinadamu ambao Mwana aliutwaa. Mimi naegemea kwa Gregory, ingawa maelezo ya Augustino ni rahisi zaidi kueleweka uwanjani. Lolote utakalolichagua, soma kwanza sura yote ya 14 kwa sauti, pamoja na mstari wa 9, "Aliyeniona mimi amemwona Baba," ukimwachia mwenzako nafasi ya kuuliza kabla hujajibu.