Maswali yenu ya mifupa: vinundu, matundu na utosi wa mtoto

Haya wapendwa, wiki hii nimekusanya maswali ya mifupa tu maana yamekuwa mengi, na mengi yanatoka kwa watu ambao wamegusa kitu mwilini mwao wakaogopa. Mimi nafundisha anatomia chuo cha afya kwa hiyo nitajibu kama navyowaambia wanafunzi wangu, weka kidole hapo kwanza halafu tuongee.

*Mwalimu, nina kinundu kigumu nyuma ya sikio, kiko pande zote mbili, hakiumi. Ni uvimbe?*

Hapana dada, huo ni mfupa wa fuvu lako. Simama kwenye kioo ugeuze uso kulia kabisa, utaona msuli umesimama upande wa kushoto wa shingo kama kamba, unatoka nyuma ya sikio unashuka mpaka pale mtulinga unapokutana na kidari. Ile kamba imefungwa kwenye hicho kinundu. Mtoto akizaliwa karibu hana kabisa, kinaota taratibu akianza kukaza shingo na kugeuza kichwa, yaani msuli unavyovuta na mfupa unaota. Ila ndani yake kuna vichumba vya hewa vinavyowasiliana na sikio, kwa hiyo ikiwa ni upande mmoja tu, pamevimba, pekundu, panauma na una homa, hasa baada ya sikio kutoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Niko mwaka wa kwanza uuguzi. Nashindwa kukariri hizi alama za mifupa, kuna tundu, kuna kishimo, kuna tuta, kuna mfereji, zote zinafanana tu!*

Mdogo wangu usikariri majina kwanza, jiulize hii alama inafanya kazi gani, na kazi ni tatu tu. Kuna mahali msuli au kano inashika, hapo mfupa unakuwa na kinundu, tuta au mkwaruzo. Kuna mahali mfupa unakutana na mwenzake, hapo panakuwa laini panateleza maana enzi za uhai palifunikwa na gegedu. Na kuna mahali mshipa wa damu au wa fahamu unapita, hapo utakuta tundu au mfereji. Shika mfupa wa paja maabara, pitisha kidole gumba nyuma yake toka juu mpaka chini, utakutana na tuta refu linakwaruza, hapo ndipo misuli ya ndani ya paja imejishikiza, halafu gusa kile kichwa chake cha duara uone kilivyo laini, kiungo cha nyonga hicho. Mikono yako ikishaelewa hiyo tofauti majina yatakuja yenyewe.

Matundu nayo unaweza kuyapata usoni kwako. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mfupa chini ya nyusi, ukikaribia upande wa pua watu wengi wanakuta kijipengo, bonyeza kidogo utasikia kama panachoma, ni mshipa wa fahamu unaotokea hapo kwenda kwenye paji la uso.

Na kama unataka mfano wa msuli unavyochora mfupa, tunao wetu hapahapa Tanzania, lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Juu katikati lina tuta limesimama kama kishungi cha jogoo, kwa sababu misuli yake ya kutafuna ilikuwa mikubwa ikapanda mpaka utosini ikahitaji pa kushika. Weka vidole kwenye panja zako uume meno, unasikia inavyotutumka? Ni msuli uleule, ila wa kwetu mdogo unaishia pembeni ya kichwa.

*Mwanangu ana miaka 13, anacheza mpira kila siku, chini ya goti pametokeza kinundu kinamuuma akikimbia. Wanasema amerogwa.*

Mama usikubali mtoto achanjwe chale wala akandwe kwa nguvu. Pale chini ya pia ya goti kila mtu ana kinundu, ndipo kano ya misuli ya mbele ya paja inaposhika mfupa wa muundi. Kwa mtoto anayekua hapo bado pana gegedu, haijakomaa kuwa mfupa, sasa kila akipiga mpira au kuruka kano inapavuta mpaka panauma na kutokeza. Madaktari Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi walilieleza tatizo hili kila mmoja kivyake mwaka 1903. Apunguze mpira kwa muda, abandike barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, anyooshe misuli ya paja, akimaliza kukua maumivu kwa kawaida yanaisha ingawa kinundu kinaweza kubaki. Lakini tafadhali, kama maumivu yanamuamsha usiku, au uvimbe unazidi hata akipumzika, au anakonda, au ana homa, apigwe eksirei haraka, maana saratani ya mfupa kwa vijana hupenda sana maeneo ya goti.

*Ni kweli mwanaume ana ubavu mmoja pungufu?*

Si kweli, kawaida wote tuna mbavu 24, jozi 12, na Vesalius, mwanaanatomia wa zamani wa Ulaya, alishaliandika hilo mwaka 1543 baada ya kuhesabu kwenye maiti. Wala hii haigombani na imani yako kuhusu ubavu wa Adamu ndugu yangu, mtu aliyekatika kidole anazaa watoto wenye vidole kamili.

*Nikijigonga kiwiko nasikia shoti mpaka kidole cha mwisho, ni mfupa gani huo?*

Siyo mfupa, ni mshipa wa fahamu. Unapita kwenye kijifereji nyuma ya kinundu cha ndani cha kiwiko, hapo umefunikwa na ngozi tu.

*Utosi wa mwanangu wa miezi minne unadunda, bibi yake anataka tupake dawa uzibe.*

Usipake kitu mama. Mifupa ya fuvu haijaungana bado, imeachana ili kichwa kipite wakati wa kuzaliwa na ubongo upate nafasi ya kukua, na kudunda ni mapigo ya damu. Utosi wa mbele kwa watoto wengi unafunga kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Mwambie bibi kwa upole, nia yake ni njema. Cha kuangalia ni hiki: utosi ukibonyea ndani na mtoto anaharisha au anatapika, maji yamempungukia, ukivimba hata akiwa ametulia amekaa wima, tena ana homa au amelegea, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Yote mawili ni ya kukimbia kituo cha afya saa hiyohiyo hata kama ni usiku, na njiani endelea kumnyonyesha kama anaweza kunyonya.