Kabla hujakodi lenzi nyingine, mtazame Bresson

Filamu yangu fupi ya kwanza niliipiga kwa lenzi nne za kukodi. Nilipokaa kuihariri, shoti zilikuwa hazielewani, na maneno ya waigizaji yamemezwa na mlio wa feni. Wewe unayeanza, pesa ya namna hiyo iweke kwenye maiki.

Aliyenifumbua macho ni Robert Bresson, mwongozaji wa filamu wa Ufaransa. Alianzia kwenye uchoraji, akawa mateka wa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kati ya 1943 na 1983 akatoa filamu ndefu 13 tu. Miaka mingi alishikilia lenzi moja, ya milimita 50, inayoona karibu kama jicho la mtu.

Anza na Un condamné à mort s'est échappé (yaani, aliyehukumiwa kifo ametoroka) ya 1956. Ni kisa cha kweli cha André Devigny, aliyetoroka gereza la Montluc mjini Lyon mwaka 1943. Mfungwa ananoa mpini wa kijiko, halafu anachokonoa maungio ya mbao za mlango, siku baada ya siku. Kamera inabaki kwenye mikono yake. Mlinzi unamsikia kabla hujamwona: ufunguo unagongagonga chuma cha ngazi, nyayo zinakaribia, kijiko kinasimama. Nje treni inapita, na wewe uliyeketi kwenye kochi lako unabana pumzi.

Nilijifunza hapo. Katika filamu yangu ya pili mama anamsubiri mwanawe usiku. Nilikuwa na shoti sita za uso wake akilia, nikazitoa zote. Nikabakiza mkono wake juu ya komeo, na sauti ya pikipiki inayokuja, inapita, inapotelea mbali. Ndipo watu waliponiambia wameumia.

Ila usimwige kwenye waigizaji kabla hujapata muda wa kutosha. Alipenda watu wasiowahi kuigiza. Yule mfungwa ni François Leterrier, aliyekuwa mwanafunzi. Bresson aliwarudisha mbele ya kamera tena na tena mpaka maigizo yawatoke. Mimi nilimrudisha shangazi yangu mara kumi na tano kwa sentensi moja, akachoka, na uchovu wake unaonekana hadi leo.

Itazame mara mbili. Mara ya pili kipe kioo mgongo, sikiliza tu, na uandike kila sauti unayoitambua.