Bomba Limeharibika Chini ya Mtaa: Lazima Tufukue?

Barua nyingi za mara hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: vipi bomba litiwe, litengenezwe au libadilishwe bila ya kuchimba mtaro. Tumechagua tano.

*Assalamu alaikum. Nyumba yetu ipo Kiponda. Bomba la choo linapita chini ya kichochoro mpaka chemba ya mtaa, kiasi cha mita 12. Ni la udongo wa kuchoma, inchi 6, la zamani sana. Linaziba kila baada ya wiki mbili, na fundi anasema limepasuka na mizizi imeingia. Kichochoro hakifiki mita mbili na ukuta wa jirani uko hapo hapo. Nimesikia bomba jipya linaweza kutiwa ndani ya la zamani. Ni kweli? (Bi M., Kiponda)*

Wa alaykum salaam, Bi M. Ni kweli, na kwa kichochoro kama chako ndiyo njia tunayoipendelea. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ukichimba mtaro kando ya ukuta wa namna hiyo unauondolea udongo unaoushikilia mguuni, na mvua ikinyesha kabla hujafukia, maji yanakwenda moja kwa moja kwenye msingi.

Kinachotiwa ni soksi ndefu ya kitambaa kizito cha poliyesta iliyoloweshwa rezini, yaani gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu. Inaingizwa ikiwa laini, inapulizwa mpaka igande kwenye ukuta wa bomba la zamani, kisha inakauka na kuwa bomba gumu lisilo na kiungo hata kimoja. Kazi ya kwanza ya aina hii ilifanyika London mwaka 1971, chini ya uongozi wa mhandisi Eric Wood, kwa hiyo si jambo la majaribio.

Lakini kabla ya yote, kamera. Fundi asiyeanza na kamera usimpe kazi. Kamera ya waya wa kusukuma yenye kuhesabu mita itaonesha mambo matatu: bomba limepasuka tu au limebomoka, limebonyea katikati au limenyooka, na mabomba mengine ya kando yanaingilia wapi. Bomba lililopasuka linatibika. Lililobonyea likawa linatuama maji halitibiki kwa soksi, kwa sababu soksi hufuata umbo inalolikuta. Utapata bomba jipya lenye dimbwi lile lile. Na sehemu iliyobomoka kabisa itabidi ichimbwe hapo tu, irekebishwe, ndipo soksi ipite.

Baada ya kamera, mizizi ikatwe na bomba lioshwe kwa maji ya presha. Kwa bomba la udongo ambalo tayari lina nyufa, sisi tusingevuka baa 100 (baa ni kipimo cha presha). Presha kubwa hung'oa vipande na kuchimba pango nyuma ya bomba. Kisha kamera irudi tena. Kipande kimoja cha mzizi kilichobaki kitakuwa nundu ndani ya bomba jipya.

Sasa hesabu ya rezini, ambayo mteja pia aijue. Bomba la milimita 150, soksi ya unene wa milimita 4.5, urefu wa mita 12: ujazo wa ukuta wa soksi ni kama lita 25. Kitambaa chenyewe huchukua sehemu ndogo ya ujazo huo, kwa hiyo rezini inayoingia ni kama lita 22. Ongeza asilimia 10 kwa inayopenya kwenye nyufa na viungo, upate lita 24 hivi. Fundi akija na lita 15 muulize ataloweshaje soksi yote. Sehemu kavu hazionekani siku ile ya kazi. Huonekana baadaye, pale bomba linapovuja.

Kulowesha kunafanyika kivulini. Pampu inanyonya hewa kutoka ndani ya soksi, na soksi inapitishwa baina ya rola mbili ili rezini ienee sawa. Hapa ndipo joto la kwetu linapoharibu kazi. Epoksi, ambayo ni aina ya rezini, ikiwa imepangiwa nchi za baridi, ukiichanganya mchana wa Januari hapa Unguja, inaanza kushika mapema mno. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Madumu yakae kwenye barafu tangu usiku, kazi ianze alfajiri, na ichaguliwe epoksi ya kukauka taratibu. Soksi ikishika katikati ya safari haiendi mbele wala hairudi nyuma, na hapo mtaro mtauchimba tu.

Soksi inapinduliwa kuingia ndani kwa hewa ya presha ndogo, karibu nusu baa, kutoka kwenye pipa la chuma lililowekwa mlangoni mwa bomba. Presha hiyo ishikiliwe bila ya kushuka mpaka rezini ikauke kabisa. Kwa epoksi ya kukauka yenyewe ni saa kadhaa, na maji ya moto huharakisha. Kompresa ikizimika kabla ya wakati, soksi inalegea na kubakia na mikunjo.

Kwa Kiponda, Malindi na Shangani kuna jambo la ziada: bahari. Maji ya chini ya ardhi karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na maji ya bahari. Maji yakivuja kuingia ndani ya bomba wakati rezini bado mbichi, yanaiosha. Usipange kazi siku za bamvua. Anza maji yakiwa yanakupwa, na kama kamera imeonesha maji yanachuruzika, itangulizwe soksi nyembamba ya plastiki kwanza.

Mwambie pia mkandarasi kwamba hutaki rezini yenye stairini, kemikali yenye harufu kali. Harufu yake hupanda kwenye mabomba na kutokea majumbani mwa watu, hasa ambako kona ya maji chini ya sinki imekauka. Kwa tahadhari, siku ya kazi kila jirani amwage ndoo ya maji katika kila choo na sinki. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, zungumza na Mamlaka ya Hifadhi kabla kazi haijaanza, ijapokuwa huchimbi.

Bomba lako litabaki na tundu la milimita 141 badala ya 150. Hilo lisikutie wasiwasi. Ukuta laini usio na viungo unapitisha maji vizuri kuliko ule wa udongo uliochakaa.

*Kamati yetu inataka kuvusha bomba la maji la milimita 32 kwenda msikitini, chini ya barabara ya lami yenye upana wa mita 7. Vijana wanasema watasukuma bomba la chuma huku wakipiga maji kwa pampu mpaka litokee upande wa pili. Wapo sahihi? (Katibu wa kamati, Wete)*

Tunawaomba msifanye hivyo. Maji yanayopigwa mbele ya bomba hayatoboi tundu la ukubwa wa bomba tu. Yanachukua udongo na kuacha pango ambalo hakuna anayeliona. Lami hubaki imeshikilia hewa. Masika ikifika na lori la mchanga likapita, barabara inazama.

Chombo cha kazi hii mafundi wengine hukiita fuko, kama yule mnyama anayechimba chini ya ardhi, na jina linakifaa. Ni nyundo ya chuma yenye umbo la risasi inayosukumwa na hewa ya kompresa ya baa 6 au 7. Inajipigia njia yenyewe, ikiubana udongo pembeni bila ya kuutoa. Kwa bomba lenu fuko la milimita 75 au 80 linatosha, ili lipite kwanza bomba la ganda la milimita 63, na ndani yake lile la 32. Ganda hilo msilihesabu kuwa ni gharama ya bure: siku bomba la ndani likiharibika mtalivuta na kutia jingine bila ya kuita mashine tena.

Kina ndicho kinachokosewa zaidi. Kanuni ni mara kumi ya kipenyo cha fuko, yaani sentimita 80 kwa fuko la milimita 80, na chini ya barabara sisi tungekwenda mita moja. Juu zaidi ya hapo, udongo uliobanwa hutafuta pa kwenda na kuinua lami mgongo mzima. Shimo la kuanzia liwe na urefu wa mita 2, sakafu yake isawazishwe kwa pima maji, na fuko lilengwe kwa fimbo mbili kuelekea shimo la upande wa pili. Chombo hiki hakina usukani. Mkikosea pembe mwanzoni, kosa linakua kila mita. Kwa mita 10 kupotoka sentimita 10 au 20 ni kawaida, kwa hiyo shimo la kupokelea liwe pana. Mita ya kwanza iendeshwe polepole, mkisimamisha na kulenga upya.

Udongo wa kinongo na wa kinamo, ambao Pemba upo kwa wingi, unafaa sana kwa fuko. Mchanga mkavu haufai kwa sababu tundu linaporomoka nyuma yake. Hapo ganda livutwe papo hapo, likifuata mkia wa fuko. Penye jiwe, fuko hugeuka linakotaka jiwe. Mkiona haliendi kwa dakika kadhaa, msilazimishe: geuzeni hewa lirudi kinyumenyume, kisha muanze njia nyengine nusu mita pembeni. Na kwenye mpira wa hewa pawe na kikombe cha mafuta. Fuko lisilopata mafuta hukwama ndani ya tundu.

Kabla ya hayo, Mamlaka ya Maji, Shirika la Umeme na kampuni za simu waje waoneshe nyaya na mabomba yao, na wenye barabara watoe kibali. Kila waya uliotajwa uchimbuliwe kwa mkono mpaka uonekane kwa macho. Fuko halitofautishi udongo na waya wa umeme.

*Tunatoboa kwa mashine ya mlalo inayoongozwa, mita 180 kwa bomba la plastiki la milimita 160, huku kusini Unguja. Baada ya mita 60 tope la kuchimbia linapotea lote, halirudi. Tunaendelea kupiga. Tufanye nini? (Fundi, Jambiani)*

Kwanza, acheni kupiga. Mpo kwenye uwanda, mwamba wa matumbawe, na huo umejaa mapango na nyufa. Tope lisilorudi kwenu linakwenda mahali, na mwamba huo huo ndio wenye visima vya vijiji. Tembeeni juu ya njia yote, mkague visima na ufukwe.

Kisha pimeni tope lenyewe. Bentonaiti, udongo wa unga unaotengenezea tope, haivimbi kwenye maji ya chumvi chumvi, na maji ya visima vyetu vya pwani mara nyingi yana chumvi, chokaa, au vyote viwili. Leteni maji matamu kwa gari. Chokaa iondolewe kwa kaboneti ya sodiamu, itiwe kabla ya bentonaiti, mpaka kipimo cha pH kifike 8.5 hadi 9.5. Bentonaiti kilo 25 hadi 30 kwa kila mita moja ya ujazo ya maji ni pa kuanzia. Kwa faneli ya Marsh, inayopima uzito wa tope kwa muda linaochukua kupita, maji matupu hupita kwa sekunde 26. Tope lenu likipita kwa 30, hilo bado ni maji yenye rangi. Kwenye mwamba wenye nyufa tafuteni 50 na zaidi.

Tope zito pamoja na chembe za kuzibia linaweza kuziba ufa. Pango halizibiki. Hapo ni kurudisha vyuma, kujaza saruji, kusubiri ishike na kutoboa upya, au kubadilisha njia. Kilichotakiwa tangu awali ni visima vya uchunguzi, vichimbwe mita chache kando ya njia na si juu yake, kisha vizibwe kwa saruji.

Mkivuka hapo, tundu lipanuliwe mpaka milimita 260 na muwe na tope la mita za ujazo 20 tayari, mara mbili ya ujazo wa tundu. Bomba lenu, kama ni la plastiki ya daraja la PE100 na la SDR 11 (yaani kipenyo ni kama mara 11 ya unene wa ukuta), lina ukuta wa milimita 14.6. Msilivute kwa nguvu ya kupita tani 6.5, na kiungo kinachozunguka kiwepo baina ya kipanuzi na bomba. Kichwa kikitokea, likagueni: mkwaruzo wa kupita milimita 1.4 maana yake matumbawe yamelila, na bomba hilo halifai kwa presha. Acheni mita 2 za ziada kila upande, mlale, mkate kesho yake, kwa sababu plastiki iliyovutwa hurudi.

*Bomba la maji la chuma la inchi 4 mtaani kwetu limekula kutu. Je, lile la kupasuliwa ardhini na kuvutiwa la plastiki nyuma yake linafaa hapa? (Msomaji, Kikwajuni)*

Linafaa, na faida yake ni kwamba unaweza kutoka milimita 100 ukaingia 125 au 160. Lakini hesabuni maungio ya nyumba. Kila ungio lichimbwe na kukatwa kabla, kisha liungwe upya. Nyumba zikiwa kila baada ya mita tatu, mtakuwa mmechimba mtaro kwa vipande. Tafuteni pia vibano vya chuma vya matengenezo ya zamani, maana kichwa cha kupasulia hukwama hapo. Karibu na kuta za zamani itumike ya kuvuta kwa vyuma, si ya kupiga nyundo.

*Mkandarasi anataka kuleta mashine ya kutobolea kwa mita 200 za bomba la maji la milimita 63, njia ya mchanga ya kijijini. (Mwanakamati wa maji, Micheweni)*

Chimbeni mtaro. Hakuna lami, hakuna ukuta, hakuna magari mengi, na vijana wenu wapo. Kina cha sentimita 80, mchanga usio na mawe sentimita 10 chini ya bomba na 10 juu yake, utepe wa tahadhari sentimita 30 juu ya bomba, na bomba lipimwe kwa presha kabla halijafukiwa kwenye maungio.